Hatua Kumi za Shifu

Nilipaswa kuiacha juu ya stuli. Mdogo wangu alikuwa ananisihi kwenye simu, "Kaka, hiyo hiyo, usiiachie," na nilikuwa na dakika chache za kukaa peke yangu na kitu ambacho fundi aliyekitengeneza alikuwa ameshasema lazima kikatwe. Neno hapana lilikuwa jepesi mdomoni mwangu. Nililitumia kutwa nzima sokoni, kwa Kiswahili na kwa Kichina, kukataa bei, kukataa rangi, kukataa viatu vya soko la Zhanxi vilivyobandikwa gundi ovyo. Siku ile sikulisema. Nilifungua begi.

Kilichoingia ndani ya begi kilikuwa bunduki ya plastiki, mchezo wa watoto. Aliyeitengeneza ni mzee mmoja Mchina wa Sanyuanli, mtaa wa Guangzhou, ambaye wafanyabiashara wote tulimwita Shifu, yaani fundi mkuu. Nilimjua miaka kumi na minne. Namwandika kwa sababu alinionya nami sikumsikiliza, na kwa sababu sasa nimechoka kuyabeba haya peke yangu.

Chumba chake kilikuwa ghorofa ya tatu, katika jengo lenye ofisi za kusafirisha mizigo chini na vyumba vya kupanga juu. Kazi yake ilikuwa sampuli. Ukitaka gari la kuchezea ambalo wauzaji wa jumla wa mtaa wa Yide Lu hawana, au mdoli anayefumba jicho moja, au filimbi yenye umbo la samaki, unampelekea Shifu picha, naye anakuchongea ya kwanza kwa mkono. Ukiridhika, unaipeleka kiwandani wakafyatue maelfu. Alivaa mikono ya kitambaa juu ya mikono ya shati, kama makarani wa zamani, na kwenye mfuko wa kifuani hakuweka kalamu bali kile kipimo cha chuma chenye midomo miwili inayobana kitu na kukuambia unene wake. Alipima kila kilichomkaribia. Nilimletea chapati siku moja, akaibana ukingoni, kisha katikati.

"Ndugu, hii chapati si sawa. Kati ni nene."

"Kula, Shifu. Tumbo halina kipimo."

"Tumbo lako," alisema, akaimaliza yote.

Aliniita ndugu. Kiswahili alikipata kwetu, kwenye karakana moja ya bara alikokaa miaka minne zamani, akifundisha vijana kuchonga vyuma, enzi ambazo kila mtu Tanzania alikuwa ndugu. Aliporudi kwao aliondoka na Kiswahili kile kile na hakukiongezea neno. Hakujua simu ya mkononi inaitwaje. Aliiita "redio yako". Vijana wa Dar waliokuja kununua mzigo walicheka wakimsikia, lakini mimi kila aliponiita ndugu nilihisi kama nimeitwa na mtu wa nyumbani ambaye kwetu hayupo tena.

Kulikuwa na neno moja alilolijua vizuri na hakulitamka kamwe. Hakusema "tayari". Ungemuuliza, "Shifu, sampuli iko tayari?" naye angejibu, "Leo sioni kosa." Basi. Hata kitu kikiwa kimepakwa rangi, kimekauka, kimefungwa kwenye karatasi, kwake kilikuwa kitu ambacho leo hajaona kosa lake. Wateja walikasirika. Mkongo mmoja aliniambia nimtafsirie kwamba hawezi kupeleka kiwandani kitu ambacho aliyekitengeneza mwenyewe ana mashaka nacho. Shifu akasema, "Mwambie akipeleke tu. Mashaka ni yangu, simpi."

Alikuwa mtu wa kelele ndogo. Sikukuu ya mwaka wao mpya, fataki zilipokuwa bado zinapigwa mitaani, alitia pamba masikioni, akashuka kwenye metro, treni za chini ya ardhi, akapanda moja kutoka mwisho huu wa mstari hadi mwisho ule na kurudi, mpaka siku iishe. Kuku na samaki hakuchinja. Alimpa mama wa tambi, jirani yake aliyeuza tambi za moto chini ya ngazi, naye alipandisha vilivyokwisha kukatwa na kuoshwa. Mwezi wa Ramadhani alichukua chupa yake ya chai, ile ya zamani ya jamu, akaigeuzia ukutani nikiwa chumbani, kama vile kuiona tu kungenifuturisha.

Na mtu huyo huyo, ujana wake wote aliutumia kutengeneza bunduki za kweli.

Aliniambia mwenyewe, mwaka wa pili wa kujuana kwetu, nilipomwagiza kwa mara ya kwanza bastola ya maji. Kabla hajaja kwetu alikuwa fundi wa benchi katika kiwanda kilichofichwa bondeni, milimani kaskazini ya mbali. Walipewa kazi ya kuunda rashasha fupi, bunduki ya mkononi inayomimina risasi, nyepesi kuliko waliyokuwa nayo askari wao. Hawakuwa na ramani ya kunakili. Walichonga sampuli, wakaijaribu, ikawashinda, wakachonga nyingine. Habari za sampuli zile alinisimulia mara nyingi, kila mara kwa mpangilio ule ule na kwa maneno yale yale, mpaka nikaweza kumkumbusha akisahau.

Ya kwanza ilikuwa nzito kama mchi. Ilitema risasi tatu, ikanyamaza. Waliokota maganda matatu, wakayaweka juu ya meza, wakakaa siku nzima wakiyatazama. "Watu saba," alisema, "wanatazama maganda matatu, kama wanangoja yaseme." Moja lilikuwa na mkwaruzo mdogo ubavuni. Kwa mkwaruzo ule walijua risasi ilikuwa inapanda upande. Walipunguza chuma kidogo mahali fulani, unene wa unywele, na hapo akachomoa kipimo chake kunionyesha unywele una unene gani.

Ya pili ilikuwa kinyume chake. Ilikubali kuanza, ikakataa kuacha. Aliyeishika aliondoa kidole kwenye kifyatulio, nayo ikaendelea peke yake mpaka risasi zote zikaisha, watu wote wamelala kifudifudi kwenye tope, pamoja na mkuu wao aliyekuwa amevaa koti jipya. Hapa Shifu alicheka kila mara, bila sauti, mabega tu yakitikisika.

Ya tatu ilifanya kazi vizuri sana karakanani, kwenye moto wa makaa. Wakaipeleka nje kwenye theluji, ikaganda. Mafuta yamekuwa gundi. Wakawa wanapokezana kuibeba ndani ya makoti yao ya pamba, kifuani, ipate joto la mwili kabla ya kujaribiwa. "Kama mtoto," alisema. "Kila mtu anauliza, nani anamnyonyesha leo?"

Kisha alikunja kidole cha nne bila kusema kitu na kwenda moja kwa moja kwenye ya tano. Ya tano ndiyo iliyokubaliwa. Ilikuja gari, wakaifunika blanketi, ikaondoka, hakuiona tena. Hakuwahi kuifyatua.

"Na ya nne?" niliuliza mara ya kwanza.

"Ya nne ilikuwa kabla ya tano."

Sikuuliza tena. Nilidhani amesahau.

Kwa mtu wa namna hiyo ungetegemea asiguse bunduki za watoto. Lakini alizitengeneza, na hakuna aliyemfikia. Nilimuuliza sababu. Alisema watu watatengeneza tu, sasa bora zipite kwake kwanza. Ila alikuwa na sharti lake, na hapo ndipo ninapotaka msomaji aangalie vizuri.

Nje ya chumba chake kulikuwa na korido ndefu, sakafu ya saruji. Alichora mstari wa chaki mlangoni, akahesabu hatua kumi, akachora mwingine. Sampuli ya bunduki ikishakauka, aliiweka juu ya stuli kwenye mstari wa mbali, kisha akamwita mama wa tambi. Hakumwambia kuna nini. Mama yule alikuja anapiga kelele kwamba tambi zake zinavimba kwenye maji, akasimama kwenye mstari wa karibu, akatazama. Akisema mara moja, "Mchezo wa watoto, mzee kichaa wewe," sampuli ilipita. Akikawia, hata kwa pumzi moja, Shifu alichukua msumeno wa chuma, akaikata vipande siku ile ile, na kuanza upya: mtutu mfupi zaidi, kitako cha mviringo, rangi ya embe.

"Kwa nini kumi?" nilimuuliza.

"Mtu mwenye hofu, hatua kumi, hana muda wa kuuliza."

Sasa nimlete mdogo wangu. Alikuwa wa mwisho kwetu. Baba alipofariki mimi ndiye niliyemsomesha, na alipokua nikamweka dukani Kariakoo. Mimi nikatafuta mzigo Guangzhou, yeye akauza. Alikuwa mtu wa mizaha. Hakuweza kuuza kitu bila kukichezea mbele ya mteja. Akiuza miavuli alicheza ngoma na mwavuli. Jirani na duka letu palikuwa na duka la kubadilishia fedha, lenye mlinzi mzee mwenye bunduki, na kila siku mdogo wangu alimzukia kwenye kona na chochote alichokuwa nacho mkononi, ndizi, fimbo ya deki, akapiga kelele, "Mikono juu!" Mzee yule alinyanyua mikono na kumjibu, "Chukua vyote, bwana, niachie nauli." Mtaa mzima ulicheka. Nimewahi kuyaona kwa macho yangu, nami nilicheka.

Idd kwetu watoto wanapewa hela ya sikukuu, na wavulana wananunua bunduki. Ndiyo biashara ya wiki ile. Mwaka ninaousema, miezi mitano kabla, mdogo wangu alinipigia.

"Kaka, hizi za rangi ya embe hazitoki. Mtoto wa siku hizi kalelewa na simu. Anaijua bunduki kuliko askari. Anaishika, ananiambia, mjomba, hii mashine ya juisi?"

"Shifu hatengenezi nyingine."

"Mwambie atengeneze nyeusi. Fupi. Ile ya kumimina."

"Hataki."

"Kaka, wewe ni laoban wake au mjukuu wake?"

Laoban ni tajiri, bosi. Neno la mjukuu alinibandika kusudi, kwa kuwa alijua linavyonichoma. Nilimwomba Shifu anichongee rashasha fupi, kama ile aliyoisimulia. Nilidhani atakataa. Badala yake akachukua penseli. Nadhani sasa kwamba mikono yake iliikumbuka kazi ile na ilitaka kuirudia, ingawa kichwa hakikutaka. Alichonga moja baada ya moja. Mama wa tambi alizipitisha zote sita za mwanzo kwa kicheko, na mimi nikazikataa zote sita. Hii nene. Hii kama mswaki. Kila nilipokataa, Shifu alisogea karibu kidogo na bunduki ya kweli, na mimi ndiye niliyekuwa namsukuma.

Ya saba aliipaka nyeusi. Tuliiweka kwenye stuli. Nilikuwa nimempigia mdogo wangu simu ya video ili aone. Mama wa tambi akapanda ngazi na kichujio chake cha tambi mkononi, kinadondosha maji. Akasimama kwenye mstari. Akarudi nyuma hatua moja, kichujio kikagonga ukuta, halafu akamtukana Shifu maneno ambayo Shifu hakunitafsiria.

"Bu xing," Shifu alisema. Haiwezekani. Akaenda kuchukua msumeno, akakuta msumari wa kushikia wembe umelegea na wembe umekatika. Akaniambia, "Ndugu, nakwenda chini kununua wembe. Usiiguse. Hii hata hapa kwetu ni kesi." Akashuka ngazi, taratibu, akishikilia ukuta.

Nikabaki na stuli, na sauti ya mdogo wangu kwenye simu. Nimeshasema nilichofanya.

Aliporudi na wembe mpya nilimwambia, "Nimeshaivunja kwa mguu, Shifu. Nimekupunguzia kazi. Mtu wa taka kapita, nimempa." Alitazama sakafu. Mtu anayepima chapati hakuona hata kipande kimoja cha plastiki sakafuni. Alitazama begi langu. Kisha akaufunga ule wembe kwenye msumeno bila kazi yoyote, akautundika.

"Umesema wewe, ndugu," akasema.

Sikupeleka kwenye viwanda tulivyovizoea. Nilipata kimoja kidogo, nje kabisa ya mji. Mwenye kiwanda aliuliza mara mbili kama nataka mdomo wa mtutu uwe wa rangi ya machungwa, alama ya kuonyesha kwamba si bunduki ya kweli. Nilisema hapana. Hapo ndipo neno hapana liliponirudia.

Mzigo ulifika Dar wiki mbili kabla ya Idd. Ulitoka haraka kuliko kitu chochote nilichowahi kutuma. Mdogo wangu alinipigia akiwa na furaha ya kitoto. "Kaka, wanapigania! Umeona? Nilikwambia!" Hiyo ilikuwa asubuhi, siku moja kabla ya Idd. Mchana ule ule, kwenye saa nane, alichukua moja, akazunguka kona ya duka la kubadilishia fedha, akapiga kelele, "Mikono juu!"

Mlinzi mzee alikuwa amepewa likizo ya sikukuu, amekwenda kwao Rufiji. Aliyekuwa pale alikuwa mgeni, wa kampuni ya ulinzi, siku yake ya kwanza mtaani. Hakuwa na jibu la nauli; alifyatua.

Nilikaa mwaka mzima bila kupanda ghorofa ya tatu. Nilipita Sanyuanli, nikapita nje ya jengo, nikaona mama wa tambi akinitazama juu ya mvuke wake. Wafanyabiashara wengi walikuwa wameshaondoka mjini; ofisi tatu kati ya tano za mizigo zilikuwa zimefungwa. Siku nilipopanda, nilikuta mistari ya chaki imefutika nusu. Shifu alikuwa amekaa kwenye ile stuli. Alikuwa amekonda, mikono ya kitambaa imekuwa mikubwa kwake. Kipimo bado kilikuwa mfukoni.

"Ndugu. Umepotea."

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Begi, uongo, kiwanda, mdomo wa machungwa, kona. Nilimwambia kwa Kiswahili, polepole, ili asikose neno. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja.

"Hatua ngapi?"

"Walipima. Kumi na mbili."

Aliinua mkono wake, akakunja kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwenye cha nne akasimama, akakishika kwa mkono wa pili.

"Ya nne ilikuwa nzuri," alisema. "Nyepesi. Haigandi, inaacha ukisema acha. Nikaigonga kitako kwenye sakafu mara ishirini. Mara moja, moja tu, kitu ndani kiliteleza. Nilisikia. Wageni wakubwa wanakuja kesho. Mkuu ananiuliza, iko tayari? Mimi nikasema tayari." Alikiachia kidole. "Rafiki yangu alikuwa benchi la pili. Tunalala chumba kimoja, tunapika sufuria moja. Aliibeba kuwaonyesha wageni. Ikamponyoka mkononi, ikaanguka juu ya kitako. Ikajifyatua. Ikampata hapa." Akagusa chini ya kidevu chake. "Halafu tulitengeneza ya tano. Kwenye ya tano tulijua kosa liko wapi, kwa sababu yake."

Nilisubiri aseme neno la kunifariji, au la kunilaumu. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Mama wa tambi aliita kutoka chini, jambo fulani kuhusu mchuzi.

"Ulijua nimeiba," nilisema. "Siku ile. Uliona begi."

"Niliona."

"Kwa nini hukufungua?"

Alifikiri, kama anavyofikiri juu ya unene wa kitu. "Nimechoka kukata, ndugu. Nikasema, acha nimwamini huyu mmoja, awe mkweli." Akanyanyuka, akaegemea ukuta, akaingia chumbani kwake. Hakunifukuza na hakunikaribisha. Mlango aliuacha wazi, nami sikuingia. Nilipopita tena baadaye niliambiwa na mama wa tambi, kwa Kichina changu cha sokoni na ishara za mikono, kwamba binti wa Shifu alikuja kumchukua kabla ya majira ya baridi. Hakuacha anwani.

Mlinzi yule kesi yake bado inaendelea. Bunduki zilizobaki dukani shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, alizichoma moto uani, na simu yangu hapokei. Watoto wa mtaa, naambiwa, bado wanazo.

Nilichukua sampuli ya saba kwa sababu mdogo wangu aliitaka nami sikupenda kuitwa mjukuu. Imeniulia mdogo wangu. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na nilikuwa naye mmoja tu.